Mbuzi wa Serikali

Jumapili ile nyumba ya Tata Mwenze ilijaa watu kama kuna harusi, na mpaka leo ukiwauliza majirani wa mtaa wa Musonoi, Kolwezi, nani aliwaita, kila mmoja atakuambia alipita tu kuomba chumvi. Chumvi gani hiyo ya kuombwa na wanawake wa njia nzima kwa saa moja? Ukweli ni kwamba waliitwa na mbuzi. Mbuzi mweupe, mnene, aliyeshuka kwenye taksi-moto, pikipiki ya abiria, mbele ya lango akiwa na wanaume wawili waliopiga pasi mpaka soksi. Na mbuzi akishuka hivyo mbele ya nyumba yenye binti mkubwa, hakuna mwanamke wa Musonoi atakayebaki kwake akichambua majani ya sombe.

Mwanamume wa kwanza alikuwa Ngeleka Mulumba, injinia wa kampuni iliyotaka kujenga mtambo wa umeme wa jua kwenye uwanda wa njia ya Tenke. Wa pili alikuwa Tata Kanyinda, kaka mkubwa wa baba yake, mzee wa Kasai mwenye kofia ya manyoya na mdomo uliojaa asali.

Na binti? Alikuwa jikoni anachuja munkoyo, kinywaji cha mahindi cha kukaribishia wageni.

Abigaëlle Mwenze alifanya kazi katika ofisi ya nishati ya jimbo la Lualaba. Kwenye mradi ule yeye ndiye aliyekuwa mdomo wa serikali mbele ya watu, kama Ngeleka alivyokuwa mdomo wa kampuni. Mkataba wenyewe alikuwa ameueleza vijijini mpaka sauti ikamkauka: serikali inaleta ardhi, kampuni inaleta fedha na mashine, kampuni inaendesha mtambo kwa miaka ishirini na mitano, halafu inaurudisha kwa serikali. Watu wakauita ndoa. Wakawa wakiwaona wawili wale wamesimama pamoja juani, mmoja ameshika ramani, mwingine amemshikia mwavuli, wanasema, aa, ndoa yenyewe hii tunaiona.

Hawakukosea sana. Mwaka mzima Abigaëlle alikuwa amependa kimya kimya. Alipenda jinsi Ngeleka alivyokuwa akimsikiliza kwanza ndipo ajibu, na jinsi alivyofuta vumbi kwenye kiti cha gari kabla yeye hajakaa. Lakini alikuwa mwanamke wa mipango. Alikuwa amemwambia: shamba kwanza, sisi baadaye. Kwa maana katikati ya uwanda ule, pale hasa nyaya kubwa zilipotakiwa kupita, kulikuwa na shamba moja ambalo mwenyewe hakutaka kusikia neno. Na mwenyewe alikuwa baba yake.

Lilikuwa shamba la marehemu mama yake, Mama Rachelle. Tata Mwenze alikuwa amekwisha kuwafukuza mabwana wa ofisi waliomwendea na tai na makaratasi. Wiki ile ilikuwa ya mwisho. Wakubwa wa kampuni walikuwa wamesema wazi kwamba kama serikali haileti ardhi yote, wao wanafunga mizigo wanahamia Zambia, na injinia wao wanamchukua. Kwa hiyo Abigaëlle alijua vizuri kinachokaa juu ya mizani. Shamba likikataliwa, Ngeleka anaondoka.

Ndipo alipompa Ngeleka shauri. Asivae tai. Aje na mzee, maana baba hasikilizi vijana. Na asije mikono mitupu.

Shauri zuri. Kasoro ilikuwa simu. Ngeleka alipompigia Tata Kanyinda, mtandao wa Kolwezi ulifanya kazi yake ya kila siku. Alisema tunaenda kuomba shamba kwa baba ya Abigaëlle. Mzee akasikia tunaenda kuomba, kisha kelele, kisha kwa baba ya Abigaëlle. Kwa mzee wa Kasai hiyo ilikuwa sentensi kamili. Alikwenda kununua mbuzi huku anaimba.

Basi wakakaribishwa barazani. Tata Mwenze alikuwa kwenye kiti chake, mgongo umenyooka kama bado yuko kwenye kichwa cha treni alichoendesha miaka yote ya nguvu zake. Kando yake alikaa dada yake, tantine Godelieve, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti. Feni ilikuwa imesimama, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika tangu Alhamisi, na watu walijipepea kwa vitambaa.

Tata Kanyinda akavua kofia.

"Moyo wenu, bantu ya hapa," akasalimu kwa salamu ya kwao. "Tata Mwenze, sisi tulikuwa tunapita mu njia. Tukaona jua inalala mu lupango yenu, mu hii kiwanja. Na kwetu kule kuko giza. Njo tukasema, tuingie, tuombe."

Ngeleka alifurahi kupita kiasi. Alikuwa hajui kwamba mzee anaweza kuueleza mtambo wa jua vizuri namna ile. Akatikisa kichwa kukubali.

Wanawake langoni wakagusana viwiko.

"Hii jua munaomba," tantine Godelieve akauliza, macho yanacheka, "mutachunga namna gani?"

Ngeleka, mtu wa kazi, akajibu mwenyewe. "Tutazungusha fensi, mama. Na sentineli babili, muchana na usiku. Mutu hataingia bila ruhusa."

Ua mzima uliangua kicheko. Mama mmoja akasema huyu ana wivu kuliko bwana yake wa kwanza, mwingine akasema wivu ni nzuri, wake ana wivu na chupa tu. Godelieve akajifuta machozi na kuuliza matunda yataanza kuonekana lini. Ngeleka akafikiri kidogo, akasema kama wanaweka sahihi wiki hii, basi mwaka kesho mwezi wa nane itakuwa imeanza kutoa.

"Anajua na mwezi," Godelieve akasema, na vigelegele vikapanda mpaka paa la bati likalia.

Ni vigelegele vilivyomtoa Abigaëlle jikoni. Alisimama mlangoni na sinia la vikombe, akasikia Tata Kanyinda anamalizia kwa sauti ya padri: jua yenyewe inaitwa Abigaëlle, na mbuzi iko inje.

Macho yake yakamtafuta Ngeleka. Ngeleka naye akageuka, na uso wake ukabadilika polepole, kama mtu aliyepanda gari la Sandoa akagundua njiani kwamba linaenda Likasi. Kwa kitambo walitazamana hivyo, katikati ya kelele zote, kila mmoja akimwuliza mwenzake kwa macho: sasa?

Mtu mmoja tu hakuwa amecheka. Tata Mwenze aliinua mkono, ua ukanyamaza.

"Kijana," akasema. "Nimesikia muzee yako. Sasa nataka kusikia weye. Umekuya juu ya nini?"

Ngeleka akasimama. Angeweza kudanganya. Wanawake wote wangeshangilia, mbuzi angechinjwa, na shamba lingesubiri. Lakini hakuwa mtu wa namna hiyo, na ndiyo maana Abigaëlle alimpenda, hata kama dakika ile alitamani awe mwongo kidogo.

"Tata," Ngeleka akasema, "nilikuya juu ya shamba. Shamba ya njia ya Tenke."

Usiombe kuwa binti katika ua uliojaa majirani, na mbuzi amekuja, na mbuzi si wako. Abigaëlle alisikia mtu akivuta pumzi, mwingine akisema masikini. Sinia lilimlemea. Alijua kufika jioni habari itakuwa imevuka mpaka soko kubwa la Kolwezi, imeongezwa chumvi ile waliyokuja kuomba.

"Lakini ile yenye tata mukubwa amesema," Ngeleka akaendelea, na sauti ikamshuka, "ni ile iko mu roho yangu tangu mwaka uliopita. Nilikuwa nangojea shamba iishe kwanza, bantu basiseme namutafuta Abigaëlle juu ya udongo. Tata mukubwa amekosea siku tu. Hajakosea neno."

Tata Kanyinda, aliyekuwa amebaki na kofia mkononi, akakaa chini taratibu.

Tata Mwenze akamgeukia kijana. Alipoongea hakupandisha sauti.

"Ile ndoa yenu na serikali. Inafika miaka ngapi?"

"Makumi mbili na tano, tata."

"Kisha?"

"Kisha tunarudisha kila kitu kwa serikali."

"Na mutoto yangu, utamurudisha kisha miaka ngapi?"

Midomo ilibanwa isicheke, kwa sababu sauti ya mzee haikuwa na mchezo. Akaanza kusimulia mambo ambayo Musonoi yote iliyajua, lakini hakuna aliyewahi kuyasikia kutoka kinywani mwake. Dada mkubwa wa Abigaëlle, Annie, aliolewa na kijana wa Kasai, mpole, mwenye maneno mazuri kama hawa waliokaa hapa. Akachukuliwa mpaka Mwene-Ditu, huko Kasai. Wajukuu wamezaliwa, wameanza shule, yeye anawajua kwa picha za simu.

"Treni yenye ilimubeba Annie," akasema, "ni mi niliendesha. Toka hapa mpaka Tenke. Pale Tenke nikashuka, nikapatia mwenzangu machine, nikabakia nasimama nayiangalia inaenda. Ile siku niliapa. Sitaendesha ingine ya kubeba mutoto yangu."

Godelieve akaangalia sakafu.

"Basi sikiya. Shamba iko ya Rachelle, bibi yangu, mutoto iko ya bibi yangu. Hautatoka hapa na byote bibili. Chagua. Shamba ao mutoto."

Abigaëlle alijua maana ya neno lile kuliko mtu yeyote barazani. Ngeleka akichagua shamba, mtambo unajengwa, jina lake linapanda, na yeye anabaki mwanamke aliyebadilishwa kwa mahindi. Akichagua mtoto, kampuni inaondoka, kazi yake inaondoka nayo. Alingoja amwone anahesabu. Mtu wa mahesabu lazima ahesabu.

Hakuhesabu. "Mutoto," Ngeleka akasema, kabla hata nzi aliyekuwa mezani hajahama. "Shamba ibakie yako, tata. Kesho nitaambia bakubwa bangu kama nimeshindwa."

Hapo ndipo kitu kiliposimama ndani ya Abigaëlle. Hakikuwa furaha peke yake, ingawa furaha ilikuwepo, moto mpaka masikioni. Kilikuwa kile kichwa kigumu ambacho mama yake alikuwa akikisema kila asubuhi alipokuwa akimsuka. Mwanamume yule alikuwa ametupa kila kitu kwa ajili yake mbele ya watu. Yeye je, atasimama mlangoni na vikombe?

Akaweka sinia chini. Akavuka baraza, akapita mbele ya Ngeleka bila kumtazama, maana angemtazama angelia, na akapiga magoti mbele ya baba yake. Akapiga makofi polepole, kama wanavyofanya kwao mtoto anapomwomba mzazi jambo zito.

"Nini tena?" mzee akauliza.

"Tata, ye ameshachagua, na umesikia. Ye iko wa kampuni. Kampuni haina na haki ya kuomba shamba. Mu mukataba wetu udongo ni fungu ya serikali." Akameza mate. "Serikali ni mi. Ye ameomba mutoto. Mi naomba shamba."

Mtu akapiga mluzi mdogo langoni. Tata Kanyinda akanong'ona kwamba huyu, huyu wangemletea mbuzi wawili.

Baba akamjibu kwamba shamba ni la mama yake, na kwamba yeye kama mtoto alipaswa kuwa wa mwisho kuligusa.

"Ile shamba ilimupa mama mahindi," Abigaëlle akasema. "Unga haikumupa. Unakumbuka, tata? Alikuwa anabeba beseni yake mpaka kwa moulin ya kusagia, anakuta courant ya umeme hakuna. Anangojea. Giza inaingia, anangojea. Unarudi toka kazi unamukuta analala pale chini, kichwa juu ya beseni. Na weye njo ulikuwa unamubeba ye na mahindi yake. Mama hakugombana na udongo hata siku moja. Alikuwa anagombana na courant."

Uso wa mzee haukusogea, lakini mkono wake juu ya mkono wa kiti ulifumba na kufumbua. Wanawake langoni hawakuwa wakicheka tena. Kila mmoja wao alikuwa na beseni lake.

"Na kitu ingine, tata. Unasema unanilinda juu ya treni." Akasogea karibu na goti la baba yake. "Ukitupatia shamba, ule mutambo unakaa hapa tu, haupandake treni. Mwenye kuchunga atakaa pembeni yake, na mi pembeni ya mwenye kuchunga, na kila Jumapili utakula bukari ya unga yangu mpaka uchoke. Ukitunyima, kampuni inaenda, ye anaenda. Na mi nitamufuata, tata. Sikufichi. Nitamufuata. Basi, ile treni ya pili, nani atakuwa ameendesha?"

Nyuma yake Ngeleka alisema jina lake, taratibu, jina tu. Hakugeuka.

Godelieve akaingilia kati. Alianza kusema habari za mila za Kasai, kwamba mwanamke akiolewa kule anafungwa na makatazo mengi, kwamba lazima wafikirie. Kaka yake akamwambia kwanza anyamaze. Kisha akamwinamia binti yake, akamtazama kama mtu anayekagua mashine iliyorudi kutoka karakana, kama ni ile ile aliyoipeleka.

"Weye njo serikali?"

"Ni mi, tata."

"Serikali ya Lualaba muzima?"

"Fungu ya shamba, ndiyo. Ni mi."

Mzee akaegemea nyuma. Akaonyesha kwa kidole nje, pale mbuzi mweupe alipokuwa anatafuna ncha ya kanga ya mtu.

"Ule kijana wa Kasai amekuya na mbuzi. Ameleta muzee, amevua kofia, ameniomba na heshima. Na serikali? Serikali inaingia kwangu kuniomba shamba ya bibi yangu mikono mitupu?" Akatikisa kichwa. "Serikali, mbuzi yako iko wapi?"

Kelele iliyofuata hapo usiniulize. Abigaëlle alikuwa amekwisha kusimama. Akaingia chumbani, akatoka na mkoba, na viatu vya kisigino vya kanisani bado miguuni. Ngeleka naye akasimama amfuate.

"Kampuni ikae chini," Tata Mwenze akasema. "Hii ni fungu ya serikali."

Ngeleka akakaa. Lakini alipopita mbele yake, Abigaëlle aliona macho yake, na kama kuna kitu kilichompeleka mpaka kule na kumrudisha, ni macho yale.

Alidandia taksi-moto mpaka wanaposhushia mizigo ya kutoka Sandoa. Malori yalikuwa yamekwisha kuondoka, wamebaki wauzaji wachache na mbuzi waliokataliwa. Mbuzi mmoja mweusi, kijeba, pembe moja imepinda, alimwangalia kwa dharau. Muuzaji akauliza ni kwa sikukuu ya nani. Abigaëlle akajibu ni ya serikali. Muuzaji akarudi nyuma hatua moja akasema basi hauzi, serikali hulipa mwaka gani? Ilibidi amwekee fedha mkononi kwanza ndipo kamba ikafunguliwa.

Kurudi ndiyo ilikuwa kazi. Dereva wa taksi-moto alikataa, halafu akakubali, kwa sharti kwamba mbuzi akae katikati na mama amshike pembe. Wakapita hivyo Kolwezi nzima, dereva, mbuzi, na ofisa wa nishati wa jimbo, gauni limepasuka ubavuni, kiatu kimoja kimebaki huko huko. Vijana wakapiga kelele, akina mama wa sokoni wakauliza harusi iko wapi. Njiani alicheka, na alilia pia kidogo, akimsemesha mbuzi aache ujinga, wamekaribia.

Hakuna jirani aliyekuwa ameondoka. Walifungua njia. Alishuka na mguu mmoja uchi, akamvuta yule mbuzi mweusi mpaka mbele ya baraza. Ngeleka alikuwa pale pale alipoachwa, mikono juu ya magoti, kikombe cha munkoyo hakijaguswa. Alipomwona alisimama, akakumbuka amri, akakaa, akasimama tena. Abigaëlle akapiga magoti kwenye vumbi, kamba mkononi, pumzi zinamwenda juu.

"Tata," akasema. "Serikali imefika."

Tata Mwenze alishuka ngazi mwenyewe. Alimzunguka mbuzi, akamshika pembe iliyopinda, akamfungua mdomo kutazama meno. Akamwangalia binti yake, mguu uchi, gauni, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kitu kilipita usoni mwake ambacho Godelieve aliapa baadaye kilikuwa uso wa Mama Rachelle mwenyewe, kule kukunja midomo ili kicheko kisitoke.

"Sura mubaya," akasema. "Lakini serikali imekuya na miguu yake."

Akachukua kamba mkononi mwa Abigaëlle, akageuka, akamwita Ngeleka kwa jina kwa mara ya kwanza, na akamtupia.

"Funga pale, pembeni ya ingine. Tuone kama zitapatana."